Usiziuze Fimbo Kwanza

Dar es Salaam,
Jumapili jioni

Mama Salma mpenzi,

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu. Kwamba umechoka, kwamba gofu limekushinda, kila ukipiga mpira unapinda kulia na kuishia mitini, kwamba hapo Morogoro kuna mtu ameshatia bei kwenye seti yako ya fimbo na unafikiria kumwachia. Nilitaka kukupigia simu usiku uleule, nikasita, maana haya mambo nataka uyasome kwa utulivu, uyarudie. Shoga yangu, usiziuze. Ngoja kwanza nikueleze niliyoyapitia tangu mwezi wa pili.

Unakumbuka tulivyoanza, wewe ukiwa bado hapa Dar. Tulinunua fimbo zilizokwishatumika, tukaenda renji, pale uwanja wa mazoezi ya kupiga, tukaangalia wenzetu wanafanyaje, tukapiga. Miaka mitatu tumekwenda hivyo. Na kila aliyepita nyuma yetu alikuwa na lake la kusema. "Mama, usiinue kichwa." "Mama, nyoosha mkono." "Mama, piga kwa nguvu zaidi." Tulishukuru, tukajaribu, kesho yake akaja mwingine na lake. Sasa ndiyo naona tulivyopotezwa, na inaniuma, kwa sababu tulikuwa na bidii ya kweli na hakuna aliyekaa chini kututazama kwa nusu saa tu.

Huyu mwalimu niliyempata alianza akiwa mtoto, akibeba mifuko ya wachezaji, kama walivyoanza wengi wa mapro, wachezaji wetu wa kulipwa, hapa Afrika Mashariki. Anasema swingi yake ya kwanza, yaani ule mzunguko wa fimbo wa kupigia mpira, aliifanyia mazoezi kwa tawi la mpera. Si mtu wa maneno mengi. Siku ya kwanza nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nimebeba ndoo nzima ya mipira, nikijua nitapiga mpaka jasho linitoke. Hakuniruhusu kupiga hata mmoja. Aliniambia, "Mama, nipe glavu yako."

Nikampa. Akaigeuza kiganja juu, akaniwekea kidole pale chini, kwenye nyama ya kiganja karibu na kifundo cha mkono. Pana tundu. Mimi nilikuwa nadhani ni kuchakaa kwa kawaida, nimeshatupa glavu nne za namna hiyo. Akasema tundu likiwa hapo, maana yake fimbo imekaa kiganjani badala ya kukaa vidoleni, na kila nikifika juu inateleza. Ikiteleza, mkono unabana ghafla kuiokoa. Ukibana, bega nalo linakaza, na swingi imekwisha kabla haijaanza kushuka. Miaka mitatu yote, Mama Salma, jibu lilikuwa limeandikwa kwenye glavu na mimi naitupa.

Tukatumia somo zima kushika fimbo tu. Ipite kwa mshazari kwenye vidole vya mkono wa kushoto, ianzie kwenye kidole cha shahada iishie chini ya kidole cha mwisho, ndipo kiganja kiifunike kwa juu. Ukiangalia chini uone vifundo viwili vya vidole vya mkono huo wa kushoto. Kama unaona kimoja tu, uso wa fimbo, ule upande unaougonga mpira, utafika ukiwa wazi, yaani umegeukia kulia, na mpira utakwenda kulia. Jaribu leo hapo nyumbani, hata kwa mwiko, halafu hesabu vifundo vyako.

Na mkono wa kulia je? Wengi tumefundishwa kidole cha mwisho cha kulia kikae juu ya kushoto. Ndiyo namna iliyopata umaarufu kwa Harry Vardon, yule wa Jersey aliyetwaa The Open, mashindano makubwa ya gofu ya Uingereza, mara sita, ya kwanza mwaka 1896 na ya mwisho 1914. Lakini mimi vidole vyangu vifupi, na vyako pia, tumewahi kubadilishana pete. Mwalimu akaniambia nivifunganishe, kidole cha mwisho cha kulia kiingie kati ya viwili vya kushoto. Nikamuuliza kama huo si ushikaji wa wanaoanza. Akanijibu kwamba mabingwa Jack Nicklaus na Tiger Woods wote wanashika hivyo. Nikanyamaza, nikafunganisha.

Nikamuuliza nikaze kiasi gani. Akasema: "Unavyomshika mtoto mkono mkivuka Barabara ya Bagamoyo." Hakuna aliyewahi kunieleza jambo la gofu nikalielewa haraka kama hilo. Mtoto hawezi kukuponyoka, lakini pia humuumizi.

Sasa nije kwenye huo mpira wako unaopinda, maana hicho ndicho kinachokutoa machozi. Nitakueleza kama nilivyoelezwa. Mpira unaanza safari kwa kufuata zaidi kule uso wa fimbo ulikotazama wakati wa kugusana. Kupinda kunatokana na tofauti kati ya uso ulipotazama na njia ambayo fimbo yenyewe inapita. Sisi tunaipitisha fimbo kutoka nje kuja ndani, yaani inaukata mpira kuelekea kushoto, huku uso umebaki wazi ukitazama kulia kwa njia hiyo. Mpira unazunguka kwa mshazari na kupinda kulia. Basi ukiona unakwenda kulia unafanya nini? Unageuza miguu na mabega yako kushoto ili ufidie. Na ukigeuka kushoto, fimbo inazidi kutoka nje kuja ndani, kwa hiyo mpira unazidi kupinda. Tulikuwa tunaukimbia ugonjwa kwa kuuongeza. Ulishanieleza mwenyewe kwamba siku hizi unalenga kwenye miti ya kushoto kabisa na bado mpira unarudi kulia. Ni hilo hilo.

Wala usidhani unaweza kurekebisha mkono pale fimbo inapokutana na mpira. Mgusano wenyewe hauchukui zaidi ya kama nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mpira umeshaondoka kabla mkono haujapata habari. Yote yanaamuliwa kabla: ulivyoshika, ulivyosimama, ulivyoanza kushuka.

Kuhusu kushuka, somo la tatu alikuja na ndoo ya plastiki yenye maji nusu. Akasema niishike kwa mikono miwili, nisimame kama nasubiri kupiga, halafu nimwage maji yaende mbali kabisa upande wa shimo. Mwanamke gani wa huku hajawahi kumwaga maji ya kufulia uani? Nikamwaga. Akasema, "Tazama miguu yako." Nikatazama. Uzito wote uko mguu wa kushoto, kisigino cha kulia kimenyanyuka, kiuno kimegeuka kikitazama yalikoenda maji. Mikono ilifuata tu. Akanirudisha kwenye fimbo, aironi namba saba, ile ya chuma ya masafa ya kati, nikapiga, akanirekodi kwa simu. Aliponionyesha video nikaona kinyume chake kabisa: nimebaki nyuma, uzito mguu wa kulia, nimejikunja kama mtu anayejaribu kuuzoa mpira kutoka chini.

Ndivyo tunavyofanya, Mama Salma. Tunataka kuuinua mpira kwa mwili wetu. Lakini kuinua ni kazi ya fimbo, uso wake umeshalazwa kwa ajili hiyo. Sisi kazi yetu ni kushuka, tuguse mpira kwanza, ndipo tuguse ardhi. Alichora mstari kwenye mchanga, hakuweka mpira, akaniambia nipige mchanga mbele ya mstari. Mara kumi za kwanza nilipiga nyuma ya mstari mara tisa. Hapo ndipo nilipoelewa ile "usiinue kichwa". Kichwa hakikuwa tatizo lenyewe. Ukijikunja kuuzoa mpira, kichwa kinanyanyuka pamoja na kifua. Unaweza kukikandamiza kichwa mwaka mzima, kama uzito umebaki nyuma bado utapiga ardhi kwanza.

Sitaki nikudanganye kwamba mambo yalinyooka. Mwezi wa pili wa mafunzo ulikuwa mgumu kuliko miaka yote mitatu. Mwalimu alinikataza draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali. Alinipa nusu swingi tu, mikono isipite kiuno, na taulo nimelibana kwapani ili mikono isiachane na kifua. Ukilidondosha taulo, unaanza upya. Nilikuwa napiga mita hamsini, sitini, na pembeni yangu watu wanarusha mipira mpaka mwisho wa renji. Nilipokwenda kucheza uwanja wa Lugalo mwezi huo nilipata mikwaju 124, wakati nilishazoea 118, na gofu ni michache ndiyo bora. Nilirudi nyumbani nimenuna, Baba Baraka akaniuliza kama kuna msiba. Siku hiyo kama ungenitumia ule ujumbe wako, tungeuza wote.

Kilichoniokoa ni kwamba nilimwambia mwalimu ukweli. Nikamwambia, "Mwalimu, nimekuwa mbaya zaidi." Hakunibembeleza. Aliniuliza mipira mingapi ilikwenda kulia. Nikafikiri. Michache sana. Mingi niliipiga juu kidogo, au nyuma kidogo, lakini ilikwenda mbele. Akasema mkono umeshaacha tabia ya zamani na bado haujaizoea mpya, kwa hiyo nimpe wiki nne. Nikampa.

Wiki ya tatu, asubuhi moja baada ya mvua, nyasi bado zina maji, nilipiga aironi saba nusu swingi na sikusikia kitu mkononi. Yaani hakuna ule mshtuko unaopanda mpaka kwenye kiwiko. Mlio tu, mfupi, mkavu. Nikainua macho nikauona mpira uko juu, umenyooka, unapinda kidogo sana kushoto. Kushoto! Mbele ya pale mpira ulipokuwa, kipande cha nyasi kimetoka kama ukoko wa wali. Nilisimama palepale kama dakika nzima. Mwalimu alikuwa anamfundisha mtoto mmoja pembeni, hakugeuka hata kidogo, akasema tu, "Nimesikia."

Tangu hapo ninafanya swingi robo tatu, sijarudi kwenye ile ndefu ya zamani na sidhani kama nitairudia. Mpira unakwenda mbali kuliko nilipokuwa najikakamua. Wiki iliyopita nimepata 103. Handikapu yangu, ile namba ya kupimia kiwango cha mchezaji, bado kubwa, lakini mfumo wa sasa wa dunia unaruhusu mpaka 54, kwa hiyo nafasi ninayo na wewe unayo.

Jambo jingine ambalo sikulitarajia: tunatumia karibu nusu ya muda wetu kwenye grini, zile nyasi fupi zenye shimo. Kwenye uwanja wa mashimo 18 wenye par 72, yaani mikwaju inayotarajiwa kwa mchezaji mzuri, hesabu yenyewe imekutengea mikwaju 36 ya kuputi, kuusukuma mpira shimoni, miwili kila shimo. Shimo lina upana wa milimita 108, na mpira kama 43. Nafasi ipo, shoga, ila sisi siku zote tulikuwa tunapita grini haraka tukakimbilie draiva. Hili nitakueleza tukionana, barua haitoshi.

Najua utasema Morogoro huna mwalimu wa kukutazama hivyo. Uwanja unao, tena pale Gymkhana chini ya Uluguru hewa yake ninaionea wivu. Kwa sasa fanya haya mawili tu: kuhesabu vifundo, na mstari wa mchanga. Mpira usiuguse wiki mbili. Draiva ifunike kabisa. Akija yeyote kukuambia usiinue kichwa, mshukuru, endelea na mstari wako. Na kama ni umri unaokukatisha tamaa, au yale maneno ya shemeji kwamba gofu ni mchezo wa wanaume, mwambie kuna akina Madina Iddi walioibeba bendera ya Tanzania kwa fimbo hizihizi.

Nimeshaongea na mwalimu kuhusu wewe. Amekubali kukuona Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, saa moja asubuhi. Panda treni ya SGR Ijumaa jioni, nitakupokea stesheni, utalala kwangu, chumba cha Baraka kiko wazi tangu aende chuo. Fimbo zote usizibebe, njoo na aironi saba tu. Huyo mnunuzi mwambie asubiri mpaka utakaporudi.

Na glavu yako ile ya zamani, hata kama imetoboka namna gani, usiitupe. Uje nayo. Mwalimu amesema ataanza na hiyo.

Nisalimie Salma na baba yake.

Shoga yako,
Mama Baraka