Waliokataa chanjo ya ndui hawakuwa wajinga

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa miaka ishirini na mitatu bila kukuandikia hata mstari mmoja, lakini makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu ndui katika miji ya Boston na Cambridge, Marekani, imenishinda kuinyamazia. Mwandishi wenu amewafanya wote waliokataa kuchanjwa kuwa wajinga walionyooshwa na mahakama, kisha akashauri wazazi wetu nao wanyooshwe vivyo hivyo.

Mimi ni muuguzi mstaafu, na begani ninalo kovu la chanjo ya ndui la tangu utotoni. Najua kwamba Boston peke yake, kati ya mwaka 1901 na 1903, watu 1,596 waliugua na 270 wakafa, na kwamba chanjo ndiyo iliyoizuia ndui isiue wengi zaidi.

Lakini kwa nini mmeficha nusu ya habari? Bodi ya Afya ya Cambridge ilipoamuru, Februari 27, 1902, kwamba kila mkazi ambaye hajachanjwa tangu Machi 1897 achanjwe au atozwe dola 5, wazazi wa huko walikuwa na sababu ya kuogopa, kwa maana miezi michache kabla, katika mji wa Camden, New Jersey, watoto 9 walikufa kwa pepopunda baada ya kuchanjwa, na hapakuwa bado na sheria ya taifa ya kumbana mtengenezaji wa chanjo juu ya usafi wa dawa yake. Sheria hiyo ilikuja Julai 1902, watoto wakiwa wamekwisha kuzikwa. Mchungaji Henning Jacobson wa Cambridge, ambaye mwandishi wenu amemfanyia mzaha, alikataa kwa sababu alipochanjwa utotoni aliumwa vibaya, na mwanawe vilevile. Aliposhtakiwa na kutaka kueleza hayo mahakamani, ushahidi wake haukupokelewa. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua dhidi yake Februari 20, 1905, kwa kura 7 dhidi ya 2, lakini ilichoidhinisha ni faini, wala si kumkamata mtu na kumchanja kwa nguvu. Hayo ya nguvu yalifanyika Boston, usiku, katika nyumba za kulala maskini wasio na makao, ambako polisi waliwashika watu mikono na miguu ili daktari awachanje. Maskini hao hamkuwataja hata kwa neno moja, wala hamkusema kwamba kufikia Desemba 1901 wakazi wapatao 400,000 wa Boston walikuwa wamekwisha kuchanjwa, kabla madaktari wa jiji hawajaanza kupita nyumba kwa nyumba.

Naumia kwa sababu dharau ya namna hiyo nimeiona hapa kwetu. Mwezi Machi nilimsindikiza binti wa jirani yangu kliniki na mtoto wake wa miezi miwili na nusu. Aliuliza swali moja tu, kwamba sindano ile ya paja ni ya ugonjwa gani, na muuguzi, mwenye umri wa mwanangu, akamfokea mbele ya kina mama wote kwamba kama ni daktari basi ajichomee mwenyewe. Binti alimfunga mtoto mgongoni akaondoka. Ilinichukua wiki tatu kumrudisha.

Tena, Mhariri, kichwa cha habari yenu kiliandika "tetekuwanga". Tetekuwanga na ndui ni magonjwa mawili tofauti. Bibi zetu waliozika watu kwa ndui wasingechanganya majina hayo, na msomaji anayeamini kwamba ndui ni ile tetekuwanga aliyougua akiwa darasa la pili hataelewa kamwe kwa nini miji ile ilishikwa na hofu.

Naomba masahihisho yachapwe ukurasa uleule na kwa maandishi ya ukubwa uleule. Nanyi mnaosimamia kliniki, wekeni benchi moja kabla ya chumba cha sindano, na muuguzi mmoja mtu mzima akae hapo kuanzia saa mbili asubuhi, asiwe na kazi nyingine ila kujibu maswali ya kina mama. Nikiitwa, nitakuja kukaa mimi, bila malipo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Muuguzi mstaafu,
Tanga