Wamejaa Mwaka wa Kwanza, Tuwasaidie Wamalize: Wito wa Harambee ya Karakana na Karo

Kwa wahitimu wa chuo chetu kikuu cha kiufundi popote mlipo, wazazi, wahadhiri waliostaafu, wenye viwanda na gereji, na marafiki wote:

Salamu sana. Kamati ya harambee imenituma niwaandikie. Nitaanza na habari njema, kwa sababu mwenye kuombwa pesa huwa hapewi nafasi ya kufurahi kwanza. Wanafunzi wamerudi. Madarasa ya mwaka wa kwanza ya uhandisi wa mitambo, umeme na ujenzi yamejaa, na wa diploma wanasomea hata kumbi ambazo zamani zilifunguliwa siku ya mahafali tu.

Waliokuwa hapa mwaka wa 2017 na 2018 wanajua kwa nini nafurahi. Mwaka wa 2015 watahiniwa zaidi ya 160,000 walipata alama ya C+ kwenda juu katika KCSE, mtihani wa kitaifa wa Kenya wa kumaliza sekondari, na alama hiyo ndiyo tiketi ya kuingia chuo kikuu. Wizara ilipofunga mianya ya wizi wa mitihani mwaka uliofuata, idadi hiyo ikaporomoka hadi 88,929, na mwaka wa 2017 ikawa 70,073. Serikali ikawapangia karibu wote nafasi kupitia KUCCPS, shirika lake la kugawa nafasi za vyuo. Waliokuwa wakijilipia karo yote, wale wa jioni na wikendi, wakatoweka. Vyuo vikuu vingi vya umma vilikuwa vimezoea kuendeshwa kwa pesa zao, na pesa hizo zilipokauka ndipo tulipoanza kusikia habari za mishahara kuchelewa na makato ya pensheni kutofika yanakokwenda.

Tangu hapo idadi imekuwa ikipanda. KCSE ya 2019 ilitoa watahiniwa 125,746 wa C+ na zaidi. Ya 2023 ikatoa 201,133. Ya 2024 ikafika 246,391. Kwa hiyo tusijisifu kupita kiasi. Madarasa yetu yamejaa kwa sababu madarasa ya kila chuo nchini yanajaa, na naibu chansela yeyote anayesimama jukwaani kusema wingi huu ni matunda ya uongozi wake anastahili makofi ya adabu tu.

Jambo linalotutia wasiwasi, na ndilo lililofanya kamati hii iundwe, ni kwamba kujaa kwa mwaka wa kwanza si maendeleo ya masomo. Shahada ya uhandisi ni miaka mitano. Ukitaka kujua chuo cha kiufundi kinaendaje, usihesabu waliopiga foleni ya usajili. Nenda katikati ya mwaka wa tatu, uangalie wangapi kati yao bado wanaitwa majina darasani na kuitika. Hapo ndipo tunapowapoteza, na wengi wao hatuwapotezi kwa kufeli.

Tunawapoteza hivi. Kijana anasajiliwa kwa malipo ya kwanza yaliyochangwa kijijini, kanisani au msikitini, maana kila mtu hupenda kumsindikiza mtoto chuoni siku ya kwanza. Muhula wa pili mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, unachelewa. Anahamia chumba cha bei nafuu mbali na chuo, anaanza kukosa vipindi vya asubuhi. Mwisho wa muhula anakuta hawezi kupewa kadi ya mtihani kwa sababu ana salio la karo. Anakosa mitihani, anaandika barua ya kuahirisha masomo kwa mwaka mmoja, anakwenda kutafuta kibarua ili arudi. Wengine hurudi kweli. Wengine kibarua huwashika, na ukiwauliza baada ya miaka mitatu watakwambia bado wamo chuoni, wameahirisha tu. Salio lililomwondoa kijana kama huyo mara nyingi ni dogo kuliko gharama za siku ile aliyosindikizwa na basi zima la jamaa.

Najua swali linalofuata, kwa sababu nimeulizwa kila mahali nilipopeleka kadi za mchango: serikali iko wapi? Ni swali la haki. Mfumo wa kufadhili kila kozi kwa gharama yake, uliotangulia huu wa sasa, ulikusudia hazina ibebe asilimia 80 ya gharama hiyo. Kufikia mwisho wake vyuo vilikuwa vikipata chini ya nusu. Mwaka wa 2023 ukaja mfumo mpya wa ufadhili na mikopo kulingana na uwezo wa familia. Wapo uliowafaa, hilo lazima lisemwe. Wapo pia waliowekwa katika kundi la wenye uwezo huku wazazi wao wakiuza mboga barabarani, wakaambiwa wakate rufaa. Mahakama Kuu iliutangaza mfumo huo kuwa kinyume cha katiba Desemba 2024, na mvutano ukahamia Mahakama ya Rufaa. Hatuna ugomvi na mahakama wala wizara, na anayetaka kuendelea kuibana serikali aendelee, tena kwa nguvu. Lakini kesi ina mwendo wake, na mtihani wa muhula una tarehe.

Sehemu ya pili ya harambee hii ni karakana, na hapa naomba wahandisi mnivumilie kwa kueleza mambo mnayoyajua. Mwanafunzi wa mitambo anatakiwa akate chuma kwa mikono yake, akipime, aharibu, aanze upya. Mashine za kukereza tulizo nazo ni zilezile walizotumia wengi wenu. Ni mashine nzuri, zimetunzwa na mafundi wa karakana wenye subira isiyo ya kawaida, lakini zilinunuliwa kwa ajili ya madarasa madogo. Leo kundi zima linazunguka mashine moja: wa mbele anafanya kazi, wa pili anaandika vipimo, wa nyuma wanapiga picha kwa simu ili wakaandike ripoti. Katika maabara ya umeme ni vivyo hivyo. Kijana anaweza kupita somo la vitendo bila kuwahi kuunganisha saketi peke yake, na alama zake zisionyeshe lolote.

Mwajiri huliona pengo hilo siku ya kwanza. Bodi ya Wahandisi ya Kenya pia huliona, kwa maana kabla ya kuitambua kozi ya shahada huangalia vifaa na maabara pamoja na idadi na sifa za wahadhiri. Mhitimu wa kozi isiyotambuliwa na bodi hiyo hupata tabu kusajiliwa kama mhandisi hata akiwa na alama za juu namna gani. Idadi ya wanafunzi ikipanda na vifaa vikabaki palepale, tunaweka rehani vyeti vya wanaokuja na heshima ya vile ambavyo tayari vimetundikwa kwenye kuta zenu.

Kuna tarehe nyingine ya kuwekwa akilini. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya wa umilisi waliingia sekondari pevu, yaani miaka mitatu ya mwisho ya sekondari, mwaka wa 2026. Watamaliza 2028 na kubisha hodi vyuoni 2029. Hao wamelelewa kwa kufanya kwa vitendo, au angalau wameahidiwa hivyo, na wizara inatarajia sehemu kubwa yao wafuate mkondo wa sayansi na teknolojia. Tukiwapokea kwa mashine moja na simu kumi na mbili za kupigia picha, watatucheka.

Si mara ya kwanza kwa wananchi kufanya jambo hili. Miaka ya 1970 nchi hii ilishuhudia wimbi la vyuo vya teknolojia vilivyoanzishwa kwa michango ya watu wa kawaida. Taasisi ya Kimathi kule Nyeri ilianzishwa na wenyeji mwaka wa 1972, na leo ni Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Kakamega, chuo kilichoanza miaka hiyohiyo kwa jina la WECO ndicho sasa Masinde Muliro. Mombasa walitangulia hata kabla ya uhuru: MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu, ilijengwa kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jamii ya Mabohora, pamoja na fedha za serikali ya kikoloni. Ikawa Mombasa Polytechnic mwaka wa 1972 na chuo kikuu kamili mwaka wa 2013. Chuo chetu nacho kina kuta zilizosimamishwa na watu waliochanga bila wao wenyewe kuwahi kukaa darasani. Walioanza walikuwa na kidogo kuliko sisi.

Sasa kuhusu pesa zenyewe. Mchango umegawanywa mara mbili, na kila anayechangia atachagua upande kwa kuweka alama kwenye kadi. Upande wa kwanza ni mfuko wa kumaliza masomo. Huu unawalenga wanafunzi wa mwaka wa tatu kwenda juu ambao wamebakiza salio la karo na wana alama za kuwawezesha kuendelea. Hautalipia wa mwaka wa kwanza. Tulijadili jambo hili hadi usiku, wengine wakaona ni ukatili, lakini wa mwaka wa kwanza wana basari za kaunti na za maeneo bunge, na wana kijiji kizima nyuma yao. Wa mwaka wa nne kijiji kimeshachoka. Malipo yatakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya karo ya mwanafunzi, si mkononi mwake. Upande wa pili ni mashine na vifaa vya karakana na maabara ya umeme, pamoja na vipuri vya kufufua mashine zilizolala.

Akaunti ni ya kamati, ina watia saini watatu, na mmoja wao ni mwakilishi wa wanafunzi. Haichanganywi na akaunti kuu ya chuo. Hatumshuku mtu yeyote, ila akaunti kuu ina wadai wa miaka mingi, na pesa ikiingia humo haitajua njia ya kutokea karakana. Hesabu zitabandikwa kila mwisho wa muhula kwenye ubao wa karakana na kutumwa kwa kila aliyechanga, hata kama alichanga nauli tu.

Hatutakuwa na mwanasiasa wa kuongoza mchango. Tangu agizo la rais la Julai 2024 la kuwakataza maafisa wa serikali kushiriki harambee, watu wengi wameniambia harambee zimekufa. Mimi naona zimepumzishwa hotuba ndefu. Mgeni wa heshima atakuwa fundi mkuu wa karakana aliyestaafu, yule aliyewatoa wengi wenu nje kwa kuja bila miwani ya kinga. Anaomba muda wa dakika tano, na tumempa kumi.

Asiye na pesa asikae kimya. Tunahitaji nafasi za mafunzo ya viwandani. Kila mwaka kuna wanafunzi wanaochelewa kuhitimu kwa kukosa tu mahali pa kufanyia mafunzo hayo. Mwenye gereji, karakana ya jua kali iliyosajiliwa, kampuni ya umeme wa jua au ofisi ya ujenzi anaweza kuchukua mmoja au wawili. Kiwanda kinachobadilisha mitambo kisiuze ile ya zamani kama vyuma chakavu kabla ya kutupigia simu. Tutakuja na lori letu. Wahandisi waliosajiliwa wanaweza kutoa Jumamosi moja kwa mwezi kusimamia vipindi vya vitendo, ili karakana ifunguliwe na siku hiyo pia na makundi yapungue.

Tarehe, ukumbi na namba za kulipia ziko nyuma ya kadi ya mchango uliyopewa. Usitume pesa kwa namba yoyote isiyokuwa kwenye kadi, hata ukiombwa na mtu unayemfahamu. Kadi zirudishwe kwa wawakilishi wa madarasa wiki moja kabla ya siku yenyewe, zilizojazwa na zisizojazwa pia, maana kila kadi ina namba na lazima zote zihesabiwe. Mlio ng'ambo mtatumiwa kadi kwa simu na wawakilishi wa mwaka wenu wa kuhitimu. Ambaye mwaka wake hauna mwakilishi ajitolee awe yeye.

Mweka hazina, kwa niaba ya kamati ya harambee