Kadi ya kliniki ya mwaka 1997

Ndugu Mhariri,

Ninayo kadi yangu ya kliniki ya mwaka 1997. Nimeihifadhi ndani ya sanduku la kanga pamoja na cheti cha ndoa. Imeandikwa kwa kalamu ya bluu: wiki ya 34, presha 170/110, miguu imevimba, mkojo una protini. Chini yake mkono mwingine umeandika kwa wino mwekundu, “kifafa cha mimba”. Usiku ule nilipatwa na degedege. Nilipozinduka kesho yake nilimkuta mwanangu, kilo 1.9, kafungwa kifuani mwa mama yangu mzazi.

Arobaini ilipoisha presha ilikuwa imeshuka, nikaambiwa nimepona, nami nikaamini.

Mwaka juzi, nikiwa na miaka 52, nilianza kubanwa kifua kila nilipopanda kilima kwenda shuleni ninakofundisha. Nilikwenda hospitali mara tatu, na kila safari nilinunua daftari jipya getini. La zamani lilibaki nyumbani na hakuna aliyeliulizia. Mara mbili nilirudi na dawa za vidonda vya tumbo. Mara ya tatu nilimkuta daktari kijana. Kabla hajanigusa aliniuliza, “Mama, mimba zako zilikwendaje?” Nilishangaa, maana nilikwenda kwa ajili ya kifua. Nilipomsimulia aliweka kalamu chini, akaagiza nipimwe umeme wa moyo siku ileile. Leo ninameza dawa tatu kila siku, na kilima ninakipanda.

Mhariri, kinachoniuma ni kwamba elimu hii, ya kuutambua ugonjwa wa moyo kwa habari za nyuma za mtu, si ngeni. Mwaka 1948, katika mji wa Framingham, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, watafiti waliandikisha watu 5,209, zaidi ya nusu yao wanawake, wakawa wanawapima upya kila baada ya miaka miwili. Ni kwa kufuatilia habari zao za nyuma ndipo ilipoonekana wazi kwamba presha, lehemu (mafuta ya kwenye damu) na sigara hutangulia shambulio la moyo kwa miaka mingi. Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa chati mpya mwaka 2019, mojawapo ikiwa ya ukanda wetu wa mashariki mwa Afrika. Mhudumu anaangalia umri, jinsia, sigara, presha, kisukari na lehemu, kisha anasoma uwezekano wa mtu kupata shambulio la moyo au kiharusi ndani ya miaka 10. Pasipo na maabara anatumia uzito na urefu. Ni chati nzuri, hata zahanati ya kijijini inaimudu. Lakini haina mahali pa kuuliza habari za mimba.

Na mimba inasema mengi. Mwanamke aliyepata kifafa cha mimba, au presha na protini za kukitangulia, hatari yake ya kuugua moyo baadaye ni takribani mara mbili ya mwenzake. Chama cha Moyo cha Marekani kililiingiza jambo hili, pamoja na kisukari cha mimba, katika mwongozo wake kwa wanawake mwaka 2011. Sisi huku kadi ya mama inakufa siku mtoto anapomaliza chanjo.

Ninaiomba Wizara ya Afya: mama aliyepitia haya asiruhusiwe kuondoka kliniki bila kuambiwa apime presha kila mwaka, maisha yake yote. Na kwa kuwa vituo vya serikali vinaingizwa kwenye GoTHOMIS, mfumo wa kompyuta wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa, habari za uzazi zimfuate hadi chumba cha daktari wa wagonjwa wa nje, zisibaki wodi ya wazazi. Madaktari wenye foleni ya watu mia ninawaelewa. Swali lile nililoulizwa halikuchukua hata dakika moja.

Nakala ya kadi yangu nimeibandika kwa gundi ukurasa wa kwanza wa daftari la kliniki ya presha. Na yule mtoto wa kilo 1.9 sasa ana mimba ya miezi mitano. Siku ya kuandikishwa nilimsindikiza, kadi mkononi, na muuguzi akainakili presha yangu ya mwaka 1997 kwenye kadi yake mpya.

Mwalimu wa sayansi, shule ya msingi
Korogwe, Tanga