Kabla dirisha la udahili halijafunguliwa, tuambieni kilichomo ndani ya kozi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme hili mapema, maana dirisha la udahili likishafunguliwa kila mtu yuko mbio na hakuna anayemsikiliza mwenzake. Mimi nina steshenari hapa Mwanza, kila mwaka matokeo ya fomu siksi yakitoka vijana wanajaa dukani kuaplai vyuo, wengine na wazazi wao, na kinachoniumiza ni kwamba wengi wanachagua kozi kwa jina tu. Anakaa kwenye kiti anakwambia kaka nijazie yenye soko, na hapo mtu wa steshenari ndo anageuka mshauri wa maisha ya mtoto wa watu, kazi ambayo hatujasomea.

Chukua bailojia. Waliosoma PCB, yaani fizikia, kemia na bailojia, karibu wote wanataka udaktari, pointi zisipotosha wanadondokea bailojia huku wamenuna, wanaona ni kama adhabu. Hawajaambiwa kwamba mle ndani kuna jenetiki, yaani elimu ya urithi wa sifa, maikrobiolojia, ekolojia na takwimu za kutosha tu. Nina mdogo wangu kaisoma, alinionyesha daftari lake la jenetiki nikashangaa, nusu yake ni hesabu. Yule mtawa Mendel aliyechapisha kazi yake 1866 alihesabu mbegu za njegere moja moja, akapata 5,474 za mviringo na 1,850 zenye mikunjo, sasa mwanafunzi anatakiwa aonyeshe kwa kipimo cha kitakwimu kinachoitwa kai skwea kama tofauti ndogo iliyopo kati ya hesabu hiyo na uwiano wa tatu kwa moja ni bahati tu au la. Aliyekuwa anaikimbia BAM, yale masomo ya hesabu za msingi, pale fomu siksi akidhani bailojia ni kuchora seli na kukariri majina, hapo anakwama. Na anayeipenda hiyo kazi ana pa kwenda, kuna TAFIRI wanaotafiti samaki, TAWIRI wanyamapori, NIMR magonjwa ya binadamu, sasa mtoto atazijuaje kama hakuna aliyewahi kumtajia?

Uchumi nao hivyo hivyo. Watu wanadhani ni kuongelea bajeti na bei ya sukari kama tunavyobishana kijiweni. Mwaka wa kwanza tu anakutana na kalkulasi, anatafuta kiwango cha uzalishaji ambacho faida inakuwa kubwa kuliko vyote, mbele huko kuna ekonometria, yaani kupima mambo ya uchumi kwa takwimu, na hiyo ndo inayoliza watu wengi. Mimi sisemi wasiende, nasema waende wanajua.

Kwenye kompyuta ndo kuna mkanganyiko mkubwa zaidi. Mzazi anasema mwanangu fundi, simu zote hapa nyumbani anatengeneza yeye, mpelekee kompyuta sayansi. Jamani, kompyuta sayansi sio kutengeneza simu wala sio Excel, ni kuandika programu, ni hesabu za mantiki, ni kukaa usiku kutafuta kosa moja kwenye mistari mia tatu ya programu. Kama anapenda vifaa vyenyewe amwangalizie kompyuta injinia, ambayo ni miaka minne, na kama anapenda kuunganisha mitandao na kuhudumia watu maofisini basi kuna tekinolojia ya habari. Majina yanafanana lakini ukifungua orodha ya masomo ni vitu tofauti kabisa.

Na fedha je? Wengi wanaichanganya na uhasibu. Uhasibu kwa sehemu kubwa unarekodi pesa iliyokwisha kupita na kuitolea hesabu, fedha inauliza pesa ya kesho ina thamani gani leo. Ukiahidiwa milioni moja mwaka ujao na riba ni asilimia 10, leo hiyo ni kama laki tisa na elfu tisa, na kwa hesabu hiyo hiyo watu wanapima kama wanunue hatifungani ya serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba, ya miaka 25 au hisa pale soko la hisa la Dar. Mtoto akielezwa hivi dakika tano tu unaona kabisa macho yake yanabadilika, anajua kama anaitaka au haitaki.

Sasa ombi langu Mhariri. Prospektasi za vyuo zipo mtandaoni bure, zinaonyesha masomo ya kila semesta, ila ni ndefu na zimeandikwa kwa Kiingereza kigumu, mzazi aliyeishia darasa la saba hawezi kukaa nazo. Gazeti lenu linaingia vijijini, linasomwa na hao hao wazazi. Naomba mtenge hata robo ukurasa kwa wiki, kozi moja kila toleo, kwa Kiswahili, mseme mle ndani wanasoma nini, hesabu ni kiasi gani, miaka mingapi, anayemaliza anafanya kazi gani. Anzeni na hizi nne kwa sababu ndo naulizwa kila siku. Na msiwahoji maprofesa peke yao, mtafuteni na mwanafunzi wa mwaka wa pili aseme somo gani lilimtoa jasho na alifanyaje akalivuka. Mfanye kuanzia sasa, matokeo yakishatoka mtakuwa mmechelewa.

Mwenye steshenari,
Mwanza