Kushuka kutoka wapi?

Ndugu Mhariri,

Miaka mingi nimesoma ukurasa wenu wa sanaa nikanyamaza. Ile makala ya mtunzi wa simfonia "aliyeshuka" kwenda kwenye filamu imenishinda. Mtunzi Mmarekani John Corigliano alipata Oscar mwaka 2000 kwa muziki wa The Red Violin, mwaka uliofuata akapata tuzo ya Pulitzer ya muziki kwa Simfonia Na. 2, na mwaka 2003 muziki wa filamu hiyo ukapanda jukwaani ukiwa konseto ya fidla, yaani fidla moja mbele ya okestra. Sasa huyo alishuka lini?

Makala inasema eti muziki "hunyunyizwa" filamu ikishaiva. Laiti! Filamu niliyoinakilia noti ilikatwa fremu 56 jioni ya kuamkia kurekodi. Picha hupita fremu 24 kwa sekunde. Muziki wa mapigo 120 kwa dakika, kila pigo linameza fremu 12, na kipimo cha mapigo manne fremu 48. Futa kipimo kimoja, bado fremu 8 zinaning'inia: mlango unabamizwa kwenye skrini, ngoma inafuata theluthi ya sekunde baadaye, kama mtu anayecheka baada ya wenzake kunyamaza. Dawa ni kurudi vipimo kumi nyuma na kupandisha mwendo hadi 122. Fremu 480 zinabanwa kuwa 472, na sikio halishtuki. Kisha mdundo wa kwenye hedifoni, unaowashikisha wapigaji mwendo, unatengenezwa upya na kurasa za noti zinachapwa upya, stendi kwa stendi. Ukisahau moja tu, tuseme ya mpiga honi wa pili, ataupiga muziki pamoja na kile kipimo kilichofutwa, na okestra nzima irudie.

Tena filamu ikishatoka, nani anajaza ile orodha ya muziki: jina la kila kipande, mtunzi, mchapishaji, urefu wake kwa sekunde? Maprodyuza wengi huiacha kama risiti ya chai. Bila orodha hiyo, televisheni ikirusha filamu, mrabaha haujui pa kwenda. Na huko Marekani kumbi za sinema hazimlipi mtunzi mrabaha wa maonyesho hata kidogo, kwa hiyo televisheni ndiyo tegemeo. Hilo ukurasa wenu haujaligusa.

Mvisheni mwandishi wenu hedifoni, mumwekee mdundo wa 122, aongoze mapigo 40 huku macho yake yakiwa kwenye skrini, pigo la 41 litue mlango unapobamizwa. Akipatia, aandike tena "ameshuka". Sitajibu.

Mnakili noti