Malalamiko kuhusu upepo usio sahihi katika matairi ya pikapu ya mizigo

Duka la Vifaa vya Ujenzi,
Morogoro.
2 Aprili 2025

Meneja,
Tawi la Matairi na Huduma za Magari,
Morogoro.

Ndugu Meneja,

YAH: KUJAZIWA UPEPO USIOLINGANA NA MZIGO NA KUPASUKA KWA TAIRI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 11 Machi 2025 nilinunua kwenu matairi manne mapya ya ukubwa wa 235/85R16 kwa ajili ya pikapu yetu ya kubebea saruji na mabati, na mafundi wenu ndio walioyafunga, wakayafanyia balansi na kuyajaza upepo. Kuhusu ubora wa matairi yenyewe sina neno. Ninacholalamikia ni upepo, kwa kuwa fundi wenu aliyajaza yote manne psi 36 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo), na stakabadhi yenu, ambayo nakala yake nimeiambatisha, imeandika namba hiyo mara nne, kana kwamba mlihudumia teksi.

Dereva wangu alihoji palepale, akajibiwa kuwa hiyo ndiyo namba iliyoandikwa mlangoni. Ni kweli ipo. Kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinaonyesha kPa 250 (kPa ni kipimo kingine cha upepo), ambazo ni psi 36, lakini huo ni mstari wa matairi ya mbele. Mstari unaofuata, wa matairi ya nyuma gari likiwa na mzigo, unataka kPa 450, yaani takribani psi 65. Fundi wenu alisoma nusu ya kibandiko, na nusu aliyoiacha ndiyo inayobeba saruji.

Kesho yake gari lilitoka Morogoro kwenda Iringa likiwa na mifuko 20, ambayo ni tani moja, uzito ambao gari hilo limeruhusiwa kubeba. Saa saba mchana, kati ya Mikumi na Ruaha Mbuyuni, mahali ambapo kila dereva wa njia hiyo anajua joto lake, tairi la nyuma la kushoto lilipasuka. Dereva aliweza kulituliza gari na kulitoa pembeni, na hakuna aliyeumia. Mbele yake kulikuwa na mlima Kitonga, na sipendi kuwaza ingekuwaje kama lingepasukia huko.

Tairi hilo ninalo dukani na ninawakaribisha mje kulikagua. Ndani yake mmejaa unga mweusi wa mpira, na ubavu umesagika kwa mstari mmoja unaozunguka tairi zima, ilhali sehemu ya kashata, ile inayokanyaga barabara, haina tundu la msumari wala mkato wa jiwe. Hizo ni dalili za tairi lililotembea na upepo mdogo: ubavu hujikunja na kujikunjua kila gurudumu linapozunguka, mkunjo huo huzaa joto, na joto hulegeza mpira hadi uachane na nyuzi zake. Ubavuni pameandikwa 120, alama ambayo maana yake ni kilo 1,400 kwa tairi moja, lakini uwezo huo hupatikana tairi likiwa limejazwa upepo wake wote, kwani kinachobeba mzigo hasa ni upepo uliomo ndani.

Nilipopiga simu ofisini kwenu siku hiyohiyo, nilipewa majibu mawili ambayo yalinisikitisha kuliko kosa la kwanza. Niliambiwa kwamba dereva alipaswa kusimama njiani na kupunguza upepo matairi yalipopata moto. Upepo hupimwa tairi likiwa limepoa, asubuhi kabla ya safari au baada ya gari kupumzika kwa muda wa saa tatu hivi, na vipimo vya kibandiko vimewekwa kwa hali hiyo. Geji kupanda safarini ni jambo la kawaida, na anayepunguza wakati huo analifanya tairi lililokuwa na upungufu liwe na upungufu zaidi. Kisha nikashauriwa tujaze yote psi 80 "kama ilivyoandikwa kwenye tairi". Namba hiyo ya ubavuni ni kikomo cha mtengenezaji wa tairi, ambaye hajui limefungwa kwenye gari gani. Dereva wangu, kwa kuwaamini, alifuata ushauri huo wakati wa kurudi, gari likiwa tupu, na akaniambia kuwa sehemu ya nyuma ilikuwa ikirukaruka kwenye kila tuta na kuteleza alipofunga breki kwenye lami yenye mvua. Baada ya hapo nilimkataza kupokea tena ushauri wa simu kutoka kwenu.

Kwa hiyo ninaomba mnirudishie shilingi 480,000 za tairi hilo, pamoja na shilingi 150,000 nilizolipia gari lililohamisha mzigo hadi Iringa. Stakabadhi zote mbili zimeambatishwa. Ninaomba pia tairi la nyuma la kulia livuliwe na kukaguliwa kwa ndani bila malipo, kwa sababu lilitembea umbali uleule na upepo uleule, na kwa nje halionyeshi chochote. Mwisho, ile karatasi iliyobandikwa ukutani karibu na mashine yenu ya upepo, yenye maneno "pikapu zote 36", naomba iondolewe, na fundi awe anamuuliza mteja gari litabeba nini kabla hajashika mpira wa upepo. Mteja wenu anayekuja baada yangu huenda anasomba abiria.

Ninatarajia majibu yenu kwa maandishi ndani ya siku 14. Nisipoyapata, nitawasilisha malalamiko haya, pamoja na tairi lenyewe, kwa Tume ya Ushindani.

Wako mwaminifu,

Mmiliki wa duka na mteja wenu