Shangazi, ile picha haikuwa ya kugeuziwa ukutani

Shangazi, shikamoo.

Siku ya arobaini ya Baba uliigeuza ile picha ikatazama ukuta, wageni wote wakiona, ukasema ndiyo inayofukuza amani ndani ya nyumba. Nilinyamaza kwa heshima yako. Lakini wewe ndiye uliyetufundisha, mbele ya sanamu za watakatifu, kuuliza kila mmoja ameshika nini: Petro funguo, Katarina gurudumu. Huyu kiumbe wa pichani mbona hukumuuliza?

Ni "Le Stryge" ya mchoraji Mfaransa Charles Meryon, ya mwaka 1853. Alikwangua kwa sindano bamba la shaba lililopakwa nta, kisha tindikali ikala pale sindano ilipopita. Yule mwenye mabawa na pembe, ulimi nje, kidevu mikononi, ni sanamu la mawe juu ya kanisa kuu la Notre-Dame, Paris. Kanisa lilianza kujengwa mwaka 1163, ila sanamu hilo lililetwa na ukarabati wa wasanifu majengo Lassus na Viollet-le-Duc, ulioanza miaka ya 1840. Wala halipitishi maji. Masanamu yanayotema maji ya mvua mbali na kuta, chokaa isiliwe, ni mengine.

Katika baadhi ya nakala Meryon aliweka mistari miwili ya shairi chini ya picha. Anamwita kiumbe huyo Uasherati wa milele, asiyeshiba, anayeutamani mji mkubwa awe malisho yake. Shangazi, mtu anayeitaja dhambi kwa jina ndiye anayeiabudu? Kunguru wanazunguka, na nyuma umesimama mnara wa Saint-Jacques, ambao kanisa lake lilibomolewa mwaka 1797. Mnara umebaki, kanisa hakuna. Mimi huo mnara unaniuma kuliko ulimi wa yule kiumbe, na naamini ungekuuma na wewe kama ungetazama kabla ya kusema.

Aliyeitundika ni Baba, si mimi. Nikiitetea si ubishi.

Basi, kama hutaki kuiona, ishushe. Ukuta ule unavuta unyevu na karatasi itaota madoa ya kahawia. Usiifunge kwa gazeti. Asidi yake huhamia kwenye karatasi na kuifanya ya njano. Ifunge kwa shuka safi la pamba, uiweke juu ya kabati, mbali na jua. Kioo nacho kinaigusa picha, kitanata nayo. Hicho usikibandue, niachie mimi. Nitakuja na kadibodi isiyo na asidi ya kuvitenganisha.